Karibu ya Barazani

Katika hoteli moja ya Diani, kando ya ukumbi wa mapokezi, kuna chumba kidogo chenye viti vinne vinavyozunguka, na ukutani zimetundikwa miwani nne nzito, nyeusi, za kufunika macho yote. Mgeni akiivaa miwani hiyo huliona pango letu. Huuona mdomo wake wa mawe ya matumbawe na mizizi iliyoning'inia juu yake, na kabla hajasogea husikia sauti ya mwanamke mtu mzima, tulivu, yenye mkwaruzo kidogo, ikimwambia: "Karibu. Karibu sana, mwanangu." Wageni huipenda sauti hiyo. Nimewaona wakitabasamu, macho yamefunikwa, nyuso zimeelekea ukutani.

Mwenye sauti nilimfahamu kwa miaka mingi. Alishika ufunguo wa pango hilo, na katika miaka yote hiyo, mbele ya mlango ule, hakupata kumwambia mtu yeyote karibu. Sasa yeye ni marehemu na ufunguo umeshikwa na mwingine, lakini sauti inaendelea kukaribisha. Naandika kwa sababu mkono wangu umo katika jambo hilo, na kwa sababu mtu aliyelinyima neno moja nafasi kwa maisha yake yote hastahili kukumbukwa kwa neno lilo hilo.

Nitamwita kwa kazi yake tu, Mshika Ufunguo, kama alivyoitwa na wengi. Jina lake nalijua. Kwa nini siliandiki, msomaji atafahamu kabla hatujaachana.

Kila aliyefika pangoni alitaka kwanza kujua ukoo wa Mshika Ufunguo. Lilikuwa swali la heshima juu na la udaku chini: je, wazee wake walikuwa miongoni mwa waliofungwa mle, au miongoni mwa waliofunga? Kwani pango hilo, lililo kusini ya Msambweni, hatua chache kutoka ufukoni, lilikuwa ghala la watu. Walioletwa kutoka bara kwa minyororo walitiwa humo wangoje kuvushwa bahari wakauzwe. Mshika Ufunguo aliwajibu wote jibu moja: "Ufunguo hauna ukoo." Akisha kusema hivyo huufungua ufunguo wenyewe kutoka kwenye pindo la leso yake, polepole, na mwenye swali huona haya kuuliza la pili.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Mgeni alivua viatu. Alisimama mbele ya lango la chuma, akapiga hodi mara tatu, kisha akangoja. Sisi tuliolelewa pwani tulifundishwa tangu chuoni, tulikosomea Kurani, kwamba hodi ina jibu lake, na kwamba ukiipiga mara tatu usijibiwe, adabu ni kurudi ulikotoka. Hapo hasa ndipo alipotaka mgeni asimame: mahali ambapo adabu inamwambia ondoka, naye anaingia.

"Humu hamna mwenye nyumba," aliniambia siku moja. "Waliokaa humu hawakuwa wenyeji. Nani basi akwambie karibu? Mimi? Mimi nina kufuli tu. Ingia, lakini ingia ukijua kwamba hukukaribishwa."

Nimemwona mzee mmoja mfugaji, aliyetoka ule upande mkavu wa Kinango, akipiga hodi tatu kisha akakaa chini juu ya jiwe. Mshika Ufunguo alimwambia kwamba sasa anaweza kuingia. Mzee akasema, "Nangoja kujibiwa." Alikaa pale mpaka kivuli kikahama kutoka mguu mmoja hadi wa pili, fimbo yake magotini; kisha akainuka, akaaga, akaenda zake bila kuingia. Nilidhani Mshika Ufunguo atamcheka. Alimsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo hakuwafanyia hata wakubwa wa serikali, akarudi na kusema: "Huyo ndiye aliyeingia kuwapita nyote."

Kutoka kulikuwa na sheria kali zaidi. Kila mtu, akishafika juani, aligeuka akauelekea mdomo wa pango, akalitaja jina lake kamili na kusema, "Nimetoka." Mshika Ufunguo alijibu kwa hesabu: mmoja, wawili, watatu. Idadi ya waliotoka ilipolingana na ya walioingia, ndipo alipofunga. Haikuwa ibada. Watu wa kufukiza ubani walikuja mara kadhaa na vyetezo vyao, wakitaka kuomba watoto na kuomba kazi, akawafukuza kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. "Hapa si mahali pa kuomba," alisema. "Hapa ni mahali pa kutoka. Wale wa zamani hakuna aliyewasikia wakitoka. Wewe una mtu wa kukusikia, usimnyime kazi yake."

Mimi nilimnyima. Nilikuwa mwalimu mpya wa Kiswahili na historia katika shule moja ya Msambweni, mtu wa vitabu, na kama watu wengi wa vitabu nilikuwa mwepesi wa kuita ushirikina kila kitu nisichokisoma. Niliwapeleka wanafunzi wangu arubaini pangoni. Wao walipokuwa wakitaja majina yao kwa zamu, nilipita kando nikaenda kuangalia basi. Tulikuwa tumekwisha kufika mkahawani, chai iko mezani, alipoingia mwendesha bodaboda, kofia ya chuma kwapani.

"Mwalimu ni nani hapa?"

"Ni mimi."

"Mama wa pangoni anakusalimu. Anasema mle ndani bado yumo mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni wewe."

Wanafunzi walicheka hata chai ikamwagika. Nikamwambia akamweleze kwamba niko hapa, nakunywa chai, anaweza kufunga lango lake.

"Nimemwambia hivyo hivyo, mwalimu. Nikamwambia, huenda yuko mjini anakunywa chai. Akanijibu, 'Kiwiliwili hicho.'"

Nilirudi kwa hasira. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda, kufuli wazi limelala mapajani, hajala tangu asubuhi, naye ameinamia simu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ngoja kidogo, nina ndizi tatu hapa." Alikuwa akicheza ule mchezo wa kupanga matunda, yanapolingana hupasuka. Alizipasua ndizi zake, akaweka simu chini. "Haya, baba. Toka."

Nikauelekea mdomo wa pango. Nilikusudia kulisema jina langu kwa dhihaka, ili ajue kwamba nafanya kwa kumridhisha tu. Lakini jina la mtu lina uzito wake linaposemwa mbele ya shimo, na dhihaka ilikatika njiani. "Nimetoka," nikasema, na kwa muda mfupi nilihisi kwamba kweli nilikuwa bado sijatoka.

"Arubaini na mmoja," akasema, akalibana kufuli.

Nimeutaja ule mchezo wa matunda kwa makusudi, kwa kuwa yako madai kwamba alikuwa adui wa mashine na wa mambo ya sasa. Si kweli. Alicheza hata akaumwa na dole gumba. Alijisifu kwa ushindi wake kama vijana wajisifuvyo kwa mpira, na mimi, aliyenifundisha kucheza, alinidharau waziwazi. "Mchezo si dhambi, mwalimu," alisema. "Dhambi ni kutojua unachezea wapi." Aliucheza akiwa nje ya lango. Akiingia ndani, simu ilibaki juu ya kigoda, hata kama ilikuwa ikilia.

Alikuwa na makosa yake, na picha isiyo na makosa ni ya kumsifu mfalme. Alikuwa na kinyongo kirefu. Maharusi wawili walikuja siku moja kupigwa picha mlangoni, bibi harusi ameinua shela, bwana harusi ameshika vyuma vya lango kama mfungwa, wanacheka. Aliipiga kofi simu ya mpiga picha, ikaangukia mawe ikavunjika. Hakuomba radhi, wala hakuruhusu nimwombee. Miezi ikapita, tukiwa tunazungumza habari za bei ya unga, akaniuliza ghafula, "Hivi yule bibi harusi, alijua lakini?" Nikasema labda hakujua. "Basi nilimwadhibu asiyejua," akasema, na habari za unga zikaendelea.

Alikuwa mkali kwa waliolia pia. Wageni wengine huingia pangoni wakiwa wamekusudia kulia, na hulia kwa sauti. Aliwangoja nje, akawahesabu, hakuwapa hata neno la pole. "Machozi ya mgeni hukauka ndani ya basi," alisema. Alichokitaka kwao kilikuwa kitu kigumu zaidi, wakubali kutojua. Waongozaji wa huko mjini hueleza kila kitu: mnyororo ulifungwa hapa, mama alijifungua pale, huyu alipiga ukelele gani. Mshika Ufunguo, akiulizwa walikuwa wangapi, alisema, "Sijui." Walikula nini? "Sijui." Walisema nini? "Sijui, mwanangu. Aliyewasikia hakuandika, na aliyeandika hakuwasikiliza." Nimefundisha historia miaka mingi, sijapata kuisema kweli hiyo kwa ufupi kama huo.

Na mtu huyu mkavu hivi mlangoni, nyumbani kwake hakuwa na mfano kwa ukarimu. Baraza yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka pangoni, na ukiikaribia, karibu zilikupokea kabla hujaona mtu: karibu mwalimu, karibu ndani, karibu chai, karibu ukae, mbona wasimama kama polisi? Muuza mbuzi alikaribishwa, mdai kodi alikaribishwa, mwanamke aliyegombana naye jana alikaribishwa na akapewa mahamri. Nilimuuliza kwa nini ana mikono miwili isiyojuana.

"Karibu ni mali, mwalimu," akanijibu. "Pale sina. Zangu zote ziko hapa barazani."

Walipokuja wale vijana watatu kutoka Nairobi, walitumwa na kampuni ya ng'ambo inayotengeneza safari za miwani: mtu aliye nchi ya mbali, au aliye mgonjwa kitandani, aone mahali ambapo miguu yake haitafika. Sitaki kusema kwamba wazo hilo ni ovu, wala Mshika Ufunguo hakusema hivyo. "Asiyeweza kuja, na aje kwa macho," alisema. "Bora apige hodi." Kiongozi wao alikuwa msichana mpole ambaye siku ya kwanza alifundishwa kusema shikamoo na hakuisahau tena. Kwa siku nne walipima pango kwa taa zao, pembe kwa pembe, na kuinasa sauti yake akizungumza na wageni. Walivua viatu. Walipiga hodi wakangoja. Walipotoka walitaja majina yao, hata yule kijana wa vyombo aliyetoka na kuingia mara ishirini kwa siku. "Hawa wamelelewa," aliniambia, na kwake yeye hiyo ilikuwa shahada.

Siku ya mwisho waliniita nimfasirie hati ya makubaliano, kwa kuwa ilikuwa ya Kiingereza. Tulikaa barazani. Niliiandika tafsiri ya Kiswahili, nikaitia sahihi yangu, kisha nikamsomea, kifungu kwa kifungu, mpaka nikafika palipoandikwa kwamba sauti yake iliyonaswa yaweza kutumiwa popote na kwa namna yoyote.

Akaniinulia mkono. "Popote ni wapi?"

Nami, niliyewaadhibu watoto wa watu kwa kusema kwamba neno fulani ni neno tu, nilimjibu hivi: "Ni maneno ya kisheria tu, mama. Huandikwa kila mahali."

Alinitazama kidogo. Kisha akaniamini. Alijua kuandika vizuri, lakini alitia dole gumba, na palipotakiwa jina akasema, "Andika Mshika Ufunguo wa Pango. Ndicho walichokifuata kwangu." Msichana alicheka, akasema kwamba dole linatosha. Chai ikaletwa. Kile kinasa sauti kidogo walichokibana kwenye leso yake asubuhi, hakuna aliyekumbuka kukitoa. Msichana alitoka kunawa mikono, akarudi, akasimama kwenye ngazi ya baraza akiona haya kupita mbele ya wakubwa, na Mshika Ufunguo akamwambia, kwa sauti ile ambayo sasa naisikia hata nisipotaka: "Karibu. Karibu sana, mwanangu."

Mwaka ulipita. Habari ililetwa na mwanafunzi wangu wa zamani, binti wa kijiji cha Waa, aliyeajiriwa katika hoteli ile ya Diani. Tulikutana sokoni Ukunda.

"Mwalimu, mama wa pangoni yuko kwetu Diani."

"Yuko kwake. Nimemwacha asubuhi."

"Yuko Diani, mwalimu," akasema tena, wala hakuwa akitania. "Anakaribisha watu."

Nilipomweleza, Mshika Ufunguo alikataa katakata. "Si mimi huyo. Pale sisemi neno hilo, na wewe wajua." Nikampigia simu yule msichana wa Nairobi, nikaiweka simu juu ya mkeka ili sote tusikie.

"Shikamoo, mama!" Sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli.

"Marahaba, mwanangu. Niambie. Nilikwambia karibu wapi?"

"Kwako, mama. Hapo kwa baraza."

"Basi irudishe barazani."

Msichana hakuwa mjinga, alifahamu. Lakini kufahamu ni jambo moja, na kuwa na amri ni jingine. Alieleza kwamba mwanzoni waliacha kimya, kama alivyotaka. Mtu anapiga hodi, hajibiwi. Wageni wakawa wanavua miwani hapo hapo mlangoni.

"Walikuwa wakiogopa?" Mshika Ufunguo akauliza.

"Eeh, mama. Wengi sana."

"Alhamdulillahi. Walikuwa wamefika."

"Lakini, mama, sasa wakisikia sauti yako wanatulia. Wanasema ni kama wameingia kwa nyanya yao. Wakubwa wangu hawawezi kukubali itolewe." Akatafuta cha kumpa, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni mbele ya mwombaji. "Tunaweza kuweka jina lako mwishoni. Watu wajue ni sauti ya nani. Nitumie tu jina lako kamili."

"Sauti mmekwenda nayo," Mshika Ufunguo akasema. "Jina bado nalitumia."

Niliandika barua tatu. Ya kwanza na ya pili hazikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa kwa karatasi moja, na katika karatasi hiyo walikuwa wamenakili kifungu kile cha popote na kwa namna yoyote, si kwa Kiingereza, bali kwa Kiswahili, neno kwa neno kama nilivyomfasiria mimi na kutia sahihi yangu chini yake. Nilimsomea. Hakunilaumu. Laiti angalinilaumu ningalipata mlango wa kutokea. Alisema tu, "Kumbe popote ni pamoja na pale," akaurudisha ufunguo kwenye pindo la leso.

Baada ya siku hizo alipungua. Aliendelea kufungua na kufunga, lakini wageni walipopiga hodi na kimya kikaja, nilimwona akigeuza uso, kama anayesikiliza kitu upande wa kaskazini, iliko Diani. Aliacha kucheza matunda. Na barazani kwake, lililoniumiza kuliko yote, karibu zilianza kukatika. Nilifika siku moja nikasimama kwenye ngazi. Aliufungua mdomo, akaufunga, akanipungia mkono tu nikae.

Kisha akaniambia nimpeleke akajisikie.

Tulichukua tuktuk kutoka Ukunda. Langoni pa hoteli alikuwapo askari, kijana wa bara, mcheshi, na daftari lake lenye safu za jina, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Niliandika jina langu. Nilipoanza kuandika la pili, Mshika Ufunguo aliushika mkono wangu. "Mimi usinitie humo." Nikaandika: na mwenzake. "Wageni wawili," askari akasema. "Sawa, pitieni."

Binti wa Waa alitupokea, akatupeleka kwenye kile chumba. Juu ya mlango palikuwa na maandishi makubwa: SAFARI PEPE. Mshika Ufunguo alisimama akayasoma, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikamsikia akicheka. Kwetu, pepe ni punje ya mpunga isiyo na kiini.

"Ndivyo zinavyoitwa siku hizi safari za miwani, mama," binti akasema kwa haya.

"Mpunga pepe sisi twaupeta," akajibu. "Hawa wanaupika."

Alikataa kuvaa miwani. "Mimi tayari nimo," alisema. Alikaa kiti cha pili, akanishika kifundo cha mkono wa kushoto. Miwani ikavishwa mimi.

Lazima niseme ukweli: lilikuwa pango lenyewe. Kila jino la jiwe lilikuwa mahali pake. Nilipiga hodi kwa mazoea, na kabla sijaifikia ya pili sauti ilinijibu. Vile vyombo vya masikioni vilivujisha sauti nje, naye aliisikia. Nilijua kwa vidole vyake. Niliingia. Hapakuwa na giza la kutosha. Kwenye kuta palikuwa na vitu vinavyong'aa, pete za chuma, kipande cha mnyororo, kibuyu, vitu ambavyo pangoni havimo na havijapata kuonekana. Ukivigusa hulia kidogo na nyota huongezeka kwenye pembe ya jicho. Nilivigusa vyote saba, Mungu anisamehe, kwa kuwa mkono wa mtu hupenda kukamilisha. Maandishi yakatokea hewani: HONGERA. Kisha pakawa peusi.

Niliinua mkono wa kulia nivue miwani. Akauzuia.

"Umetoka?"

"Imekwisha, mama."

"Sikuuliza kama imekwisha. Umetoka?"

Nikamwomba binti aianzishe tena. Safari hii sikugusa kitu. Nilipofika kati niligeuka nyuma, nikaufuata mwanga wa mlangoni. Niliuona kabisa, mweupe, na mizizi ikicheza. Lakini kila niliposogea, mwanga nao ulibaki mbele yangu hatua ile ile moja. Nilijaribu kushoto, nikajaribu kulia. Waliotengeneza hawakujenga nje. Kwa nini wajenge, hali mgeni akitosheka huvua miwani na kuitundika? Maelfu wameingia hivyo, wakakaribishwa, wakapongezwa, na hakuna hata mmoja aliyetoka.

"Hakuna mlango, mama."

"Mlango upo. Umeingilia huo."

"Wa kuingilia upo. Wa kutokea hawakuuweka."

Vidole vyake vililegea. "Vua," akasema.

Nikavua, nikasimama, nikauelekea ule ukuta mweupe wenye mashine ya ubaridi. Wazungu wawili waliokuwa wakingoja zamu yao walinitazama. Nikalitaja jina langu kamili, la baba na la babu, nikasema, "Nimetoka."

"Mmoja," akasema Mshika Ufunguo.

Nilimsaidia kuinuka. Alikuwa mwepesi mno. Nikamnong'oneza, "Nikutaje na wewe, mama? Nitalisema mimi jina lako, kisha nitakuhesabu."

Alifikiri, nakumbuka kwamba alifikiri kwa kweli. Nyuma yetu mmoja wa wale Wazungu alikwisha kuvaa miwani, na ile sauti ilikuwa ikimwambia karibu, karibu sana, mwanangu.

"La," akasema. "Sauti ilinitoka kwa wema, ikabaki humu. Jina silijaribu."

Tukatembea mpaka langoni. Askari alikuwa amekwisha kulifungua daftari.

"Mwalimu, usisahau kujaza ya kutoka. Mliingia wawili." Akanipa kalamu. "Mnatoka wawili?"

"Andika mmoja," Mshika Ufunguo akasema.

Askari akacheka. "Mathe, na wewe je? Si nakuona hapa?"

"Waniona, mwanangu. Andika mmoja."

Askari alinitazama, akingoja nicheke naye, tumalize utani. Niliishika kalamu. Mara moja nilipata kumwambia mwanamke huyu kwamba maneno ni maneno tu. Nikaandika, kwa herufi kamili, mbele ya jina langu na mwenzangu asiye na jina: mmoja.

"Hii itanisumbua, mwalimu," kijana akasema, sasa hacheki. "Wakija kuhesabu jioni wataniuliza, huyo mwingine yuko wapi?"

Mshika Ufunguo alikuwa ameanza kuifuata tuktuk. Hakugeuka.

"Waambie yumo."